Gauni la Vifungo vya Mbele

6 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikikuona umeketi kwenye cherehani, pini zimejaa mdomoni, unamjibu mteja kwa nyusi. Kama umesimama, tafadhali keti kwanza.

Huku tu wazima. Baba na Mama walikuja kunitazama mwezi uliopita. Baba alikagua chumba changu kona zote, akasema ni kidogo mno kwa binadamu, kisha akalala humo mchana kutwa. Mdogo wangu amepata nafasi chuoni, na sasa anatusahihisha sote tukizungumza. Mimi bado niko masjala. Faili likiombwa nalitafuta, likirudi naliweka mahali pake, na bosi akilipoteza mezani kwake nalaumiwa mimi.

Najua ungependa nikupigie simu. Lakini kuta za chumba changu ni nyembamba, na wewe kwenye simu hupaza sauti kama unamwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Hili sitaki jirani alisikie kabla yako.

Shangazi, nimepata kivimbe kwenye titi la kulia. Nilikigusa nikioga. Ni kama kitufe kilichoponyokea ndani ya pindo: nikikibonyeza kinateleza, nikidhani kimeondoka kinarudi. Hakiumi. Kwa muda sikumwambia mtu. Nilikuwa naingia chooni kazini, nafunga mlango, nakitafuta kwa vidole nikiomba nisikipate, kisha narudi kwenye mafaili yangu nikiwa nimesahau nilikuwa natafuta namba gani. Mwishowe nikaenda kliniki.

Muuguzi aliyenipokea ni mama mtu mzima. Alisugua viganja vyake kwanza vipate joto, ndipo akanigusa. Alinikagua yote mawili, na kwapani, na juu ya mfupa wa bega. Akasema vivimbe vingi vya wasichana wa umri wangu si saratani, lakini hakuna mkono unaoweza kuapa. Lazima nipigwe picha. Kisha akaniuliza maswali: nilivunja ungo nikiwa na umri gani, nimezaa, nakunywa pombe, kuna mwanamke yeyote katika ukoo aliyewahi kuugua saratani ya titi.

Nikajibu haraka kwamba hakuna. Shangazi zake Mama, dada zake, bibi mzaa mama, wote nawajua.

Akaniuliza, "Na kwa baba?"

Nikamwambia, "Kwani kwa baba kunahusika?"

Akacheka kidogo. "Mwanangu, damu ya baba nayo ni damu."

Nilimuuliza Baba, akasema mama yao alipofariki yeye alikuwa mdogo mno, niulize dada yake. Basi nakuuliza. Bibi aliugua nini, na alikuwa na umri gani? Sikuulizi kwa udadisi. Wanataka kujua, na mimi naogopa kujaza mahali pasipo na jibu kwa neno "hapana".

Naogopa pia kwa ujumla.

Mwanao,
Karani


27 Februari

Karani wangu,

Marahaba, tena marahaba ya mikono miwili. Barua yako niliisoma mara mbili: ya kwanza kwa macho, ya pili kwa miguu, maana nilikuwa nazunguka chumbani mpaka jirani yangu muuza mkaa akauliza kama natafuta sindano.

Hapa sijambo. Kazi ipo, sare za shule zimekwisha, sasa ni za maharusi, na maharusi wa siku hizi wanakonda wiki moja na kunenepa wiki inayofuata. Muuza mkaa anakusalimu. Anasema ukipata mume asiwe mtu wa ofisini, mtakuwa wawili wa kuhesabu karatasi.

Sasa nisikilize. Kwanza, toa simu kwenye sidiria. Nimekuona kwa macho yangu, simu huku, noti kule, kama mfuko wa posta. Pili, acha sidiria zenye waya. Tatu, kula. Wewe ukiogopa unaacha kula, tangu ulipokuwa mtoto.

Habari za Bibi yako ziache. Aliugua, akafa, na ndivyo watu wanavyokufa. Sioni kumfukua aliyelala kutakupa nini. Mwambie huyo muuguzi kwamba kwetu ni watu wenye afya.

Nimekutumia gauni kwa kifurushi cha basi. Lina vifungo mbele mpaka kiunoni, kwa sababu hospitali hawana haya, watakuvua nguo zote kwa ajili ya kuangalia sehemu moja. Ukivaa hili utafungua kinachotakiwa na vingine vyote vitabaki na heshima yake. Sikuhitaji kukuomba vipimo. Nimelikata kwa mwili wangu kama siku zote. Mimi na wewe tulitoka kwenye kipande kimoja cha kitambaa.

Namshukuru Mungu kwamba umeniambia mimi. Usikae na hofu peke yako kama mgonjwa asiye na ndugu.

Shangazi yako


14 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na ahsante. Ahsante kwa barua, kwa gauni, na kwa kuniamuru nile. Mama naye anakushukuru. Nilimweleza yote, na hakupiga kelele kama nilivyotarajia. Alinishika mkono tu, akaendelea kumenya viazi kwa mkono mmoja, jambo ambalo haliwezekani.

Gauni nililivaa siku ya picha. Tulikuwa wengi kwenye benchi, kila mmoja na kanga au shuka la kujifunika, na mimi nimekaa kama mgeni rasmi. Chumba chenyewe ni baridi na giza kidogo. Wanakupaka dawa nzito inayoteleza, kisha wanapitisha kitu kama pasi ndogo, na kwenye kioo unaonekana kama udongo uliochimbwa. Daktari alinionyesha kivimbe changu. Kina kingo laini, cha mviringo. Alisema kinaonekana kuwa na tabia njema, lakini tabia njema haitoshi. Watanichoma sindano nene kidogo, wachukue kinyama, kikapimwe. Nangojea siku yangu.

Kuhusu simu, nilimuuliza. Alisema simu, noti na waya wa sidiria havileti saratani. Waya mbovu utakuchoma tu. Vinavyoongeza hatari ni vingine: kuwa mwanamke, kuongezeka umri, pombe, unene wa ukubwani, kutozaa au kuchelewa kuzaa, na ukoo. Alisema pia wengi wanaougua hawana hata mmoja kwao aliyewahi kuugua, kwa hiyo afya ya ukoo si hirizi. Simu nimeitoa hata hivyo, kwa heshima yako.

Shangazi, kuna jambo. Dada aliyekuwa akinipiga picha alilisifu gauni, kisha akasema, "Ila fundi wako alikuwa na haraka, upande huu umekuzidi." Nilikasirika kwa niaba yako. Nilimwambia fundi wangu hajawahi kukosea. Nilipofika nyumbani nililigeuza nje ndani, nikaliweka kitandani chini ya taa.

Kwapa la kushoto umelikata pana kuliko la kulia, na kushoto kifuani umeongeza kitambaa. Nilitafuta mahali ulipokosea, sikupaona. Umekata hivyo, ukapiga pindo vizuri, ukamalizia kwa mkono. Hakuna anayemalizia kosa kwa mkono.

Umeniambia umelikata kwa mwili wako.

Mimi ni mwoga, unanijua, na huenda nimeona kisichokuwepo. Lakini nauliza. Mkono wako wa kushoto hujambo? Kuna kitu kwapani? Na kama kipo, hakiumi? Maana nimeambiwa kisichouma ndicho watu wanachokaa nacho.

Bado hujanijibu habari za Bibi.

Mwanao,
Karani


22 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mama ni mzima, Baba ni mzima, mdogo wangu hajambo na bado anatusahihisha.

Hukujibu barua yangu. Nikakupigia simu, licha ya kuta nyembamba. Ukaniambia habari za mvua. Nikauliza habari za mkono, ukasema kuna mteja mlangoni. Siku nyingine nikapiga tena, mteja alikuwa bado yupo mlangoni. Baba naye alipiga. Amesema unaongea kwa furaha sana, na hapo ndipo hata yeye alipoanza kuwa na wasiwasi.

Sindano nilichomwa. Waliganzisha kwanza. Kilichonitisha ni mlio wake, kama kibanio cha karatasi cha ofisini kikipiga pini, na nilikuwa nimeonywa lakini nikaruka. Muuguzi wangu alinishika bega. Aliniambia, "Karani mzima anaogopa kibanio."

Majibu yamefika. Ninayo.

Sitakuambia.

Nimefikiri sana kabla ya kuandika hivyo, na najua ni ukorofi. Wewe ndiye uliyenifunga vifungo vya sare ya shule, wewe ndiye uliyekaa nje ya chumba cha mtihani ukijidai umekuja kutafuta wateja. Sina haki ya kukubana. Lakini nimekuuliza kwa upole ukaninyamazia, na mimi sijui njia nyingine. Nenda hospitali, Shangazi. Onyesha kwapa hilo na titi hilo. Ukinieleza ulichoambiwa, nami nitakueleza nilichoambiwa.

Nikikosea kuhusu gauni, utanicheka maisha yako yote, na nitafurahi kuchekwa.

Mwanao


19 Mei

Wewe mtoto una roho ya hakimu.

Marahaba. Nianze na salamu, mimi nilifundishwa. Hapa mvua zimekatika. Muuza mkaa anakusalimu kwa mikono safi, utajua kwa nini.

Baada ya barua yako nilikaa nikiwaza: habari ingekuwa njema angeniambia, ingekuwa mbaya angeniambia, basi huyu anafanya kusudi. Nikakuchukia. Nikashona suruali ya mwalimu mkuu, miguu yote miwili ya kushoto. Alipoivaa alidhani kasoro ni ya mwili wake, maskini, akasimama mbele ya kioo akijisogeza huku na huku. Muuza mkaa aliona yote kutoka kibarazani. Akaja akaniambia, "Fundi, hiyo si hasira. Unaogopa. Nenda, mimi nitakulindia duka, na nitanawa mikono."

Nikaenda.

Sasa ya Bibi yako. Alikufa kwa titi. Alikuwa hajafika miaka arobaini. Mimi ndiye niliyekuwa nambadilishia vitambaa, kwa sababu baba yako alikuwa bado mtoto wa miaka minne na watu wazima hawakutaka kuingia chumbani. Walidhani ugonjwa ule unaambukiza. Mama mwenyewe alinikataza nisiseme kwa mtu, maana nani angeoa binti wa nyumba ile. Nikafunga mdomo. Nikaolewa, nikafiwa na mume, na mdomo ukabaki umefungwa, hata sikukumbuka tena nilikuwa namfichia nani.

Changu nilikigusa mwaka jana. Hakikuuma, nikajiambia kikianza kuuma nitakwenda. Kikakua. Kwapani pakavimba, nguo ikawa inanibana, nikaongeza kitambaa. Mwaka mzima nimejishonea hivyo, mpaka mkasi ukazoea njia. Nilipokushonea wewe sikufikiri kabisa. Nilifikiri vifungo tu. Nimewaficha ndugu, majirani na wateja, halafu nikakufungia siri kwenye kifurushi nikailipia nauli.

Daktari ni kijana wa umri wako, ana madevu machache ya kujaribia. Walinipiga eksirei ya titi, wakanichoma hiyo sindano yako. Ni saratani. Imefika kwenye tezi za kwapani, ila vipimo vingine havikuonyesha imekwenda mbali zaidi. Wataliondoa titi lote na zile tezi, kisha nitawekewa dawa za dripu. Nilimuuliza, "Na kama ningekuja mwaka jana?" Akasema, "Umekuja leo, mama. Tufanye ya leo." Nikampenda hapohapo, pamoja na madevu yake.

Aliniambia kitu kingine. Mwezi huu watu wawili wamekuja kwake wakiwa wamesubiri kuliko mimi, na hakuwa na la kuwafanyia zaidi ya kuwapunguzia maumivu. Nilikuwa nakuwaza wewe umegeuza gauni nje ndani chini ya taa.

Nimefanya ulilotaka. Sasa sema. Nimechoka kuogopa kwa niaba yetu wawili.

Shangazi yako


2 Juni

Si saratani.

Nimeanza na hilo kabla ya shikamoo, utanisamehe. Si saratani, Shangazi. Ni uvimbe wa kawaida wa wasichana, tezi na nyuzi zimejikunja pamoja zikafanya kitufe. Wanaweza kuuacha, watauangalia baada ya miezi sita kama umekua. Nilikuwa nalijua hilo siku niliyokuandikia kwamba sitakuambia, na kila siku iliyofuata nilitaka kuikimbilia ile barua njiani na kuirudisha.

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa masjala, nyuma ya makabati, nimekaa sakafuni. Bosi alinikuta hapo. Alinitazama, akatafuta faili lake mwenyewe, na akalipata. Hilo halijawahi kutokea.

Nilirudi kwa muuguzi wangu nikamweleza habari za Bibi na zako. Hakunitisha. Alisema sasa najua ninachopaswa kujua: nikaguliwe kila mwaka, nianze picha mapema kuliko wenzangu, na mdogo wangu vilevile. Alisema haina maana kwamba tutaugua. Ina maana kwamba tusikae na kitu tukisubiri kianze kuuma. Bibi hakupata nafasi ya kutuambia haya, wewe umetuambia. Nimeandika jibu la lile swali la upande wa baba, kwa mwandiko mzuri.

Baba nilimweleza mwenyewe, ana kwa ana. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kofia. Kisha akasema, "Maisha yangu yote nilikumbuka kitu kimoja tu, kwamba mama alikuwa hanibebi. Nilidhani hakunitaka." Akavaa kofia, akaivua. Shangazi, amekata tiketi. Atakuwa nawe siku ya upasuaji na baada yake, na ameapa kupika. Mwonye muuza mkaa.

Mimi nimeomba ruhusa, nimepewa likizo Agosti, si mapema zaidi. Nililia mbele ya bosi na haikusaidia. Lakini Agosti ni yangu yote.

Ahsante kwa kwenda. Ahsante kwa kusema. Ulinichukia ukaenda vilevile, na sijui kama mimi ningeweza.

Mwanao,
Karani


25 Julai

Karani wangu, hakimu wangu,

Marahaba. Nimekaa, na pini ziko kwenye mto wake, maana baba yako amekataza niziweke mdomoni. Anasema nimekwisha kuwa mtu wa dripu, sistahili kumeza chuma. Amepika mwezi mzima. Chakula chake kina chumvi ya hasira, lakini nakula, na muuza mkaa anakula, na wote wawili wamekuwa marafiki, kila jioni wanabishana kibarazani jinsi ya kuwasha jiko.

Kidonda kimefunga vizuri. Mkono wa kushoto nafanyishwa mazoezi, naupandisha ukutani kwa vidole kama mjusi, kila wiki unafika juu zaidi. Dawa za dripu ni ngumu, sikufichi. Siku mbili baada ya kila moja nalala nikiwa sitaki hata kusikia mlio wa kijiko. Nywele zimekwenda. Msusi wangu amehuzunika kuliko mimi. Yule daktari wa madevu anasema mwili unahimili dawa, na kwamba tutaendelea kuangalia. Hakuniahidi kitu, nami sikumlazimisha. Ila asubuhi nikiamka nashukuru kwanza, ndipo nalalamika.

Usiku mmoja nilimwambia baba yako habari zote za mama yetu, sauti yake, alivyokuwa akicheka na kuziba mdomo. Aliuliza kama maumivu ndiyo yaliyomzuia kumbeba. Nikamwambia alikuwa akiniomba nimlaze mtoto upande wake mzima, amwangalie tu. Hayo yangekufa pamoja nami, mtoto wewe, kama usingenifanyia ukorofi. Ahsante.

Nimejishonea blauzi. Upande wa kushoto nimeukata tambarare kama ulivyo, sikutia pamba wala kitambaa cha kudanganya. Mteja mmoja alitazama, akatazama kando. Nikamwambia, "Mwanangu, tazama vizuri, halafu nenda ukakaguliwe na wewe." Alikwenda. Amerudi, hana kivimbe, ameniletea ndizi.

Sasa kazi yako. Nimekununulia kitambaa, buluu ya maji ya mchana, kizito kiasi, kinaanguka vizuri. Kimekaa mezani tangu juzi. Nilichukua chaki nikasimama mbele ya kioo kama siku zote, na kwa mara ya kwanza nikakwama. Mwili wangu si kipimo chako tena. Nilidhani nitalia. Nikajikuta nacheka peke yangu, nimeshika chaki, nashukuru kwamba hatufanani.

Mkasi nimeuweka chini. Njoo Agosti nikupime.

Shangazi yako